Nilichojifunza Karakanani Kuhusu Uchumi wa Taifa

Nilihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo nikiwa na imani ambayo sikuwahi kuihoji, kwamba mchango wa mhandisi katika uchumi wa taifa lake hupimwa kwa vitu vipya anavyovibuni. Niliamini kwamba nchi hutajirika pale vijana wake wanapovumbua injini au mashine ambayo dunia haijapata kuiona, na kwamba kazi nyingine zote za ufundi ni za kushikilia mambo mpaka siku hiyo ifike. Zaidi ya miaka ishirini katika idara za matengenezo ya viwanda, na baadaye katika kufundisha mafundi sanifu, imenitoa katika imani hiyo hatua kwa hatua, na tukio la kwanza kunitikisa lilihusu pampu ya maji.

Kiwanda kilichoniajiri kilikuwa na pampu nne kubwa za kusukuma maji ya kupozea mitambo. Mojawapo ilikuwa inaharibu beringi, yaani kipuri kinachoshikilia shafti (mhimili unaozunguka) ili izunguke kwa wepesi, kila baada ya wiki chache, ilhali beringi ya aina ile, ikifungwa ipasavyo na kupata grisi safi, hutarajiwa kufanya kazi kwa miaka. Kila ilipoharibika, sehemu moja ya uzalishaji ilisimama, na kwa kuwa beringi hizo hazikutengenezwa nchini, tulizinunua kwa fedha za kigeni na kuzingoja. Kazi yangu ilikuwa kusaini maombi ya vipuri. Nilijaribu kubadili mtengenezaji wa beringi, kisha nikabadili grisi, kisha nikaagiza beringi nzito zaidi, na hakuna lililosaidia. Hatimaye uongozi ulimwita mtaalamu kutoka nchi nyingine.

Alikaa nasi nusu siku tu. Katika saa ya kwanza hakufungua hata nati moja: aliegemeza kifaa kidogo cha kupimia mtetemo kwenye nyumba ya beringi, akasoma namba, akahama upande wa pili, akasoma tena, kisha akauliza ni nani aliyepima mstari wa shafti siku mota ilipofungwa. Hapakuwa na aliyepima. Alitueleza kwamba mtetemo aliouona ulikuwa unajirudia mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa shafti, jambo ambalo mara nyingi huashiria kwamba shafti ya mota na shafti ya pampu zimepishana. Akafunga kwenye kapulingi, yaani kiungo cha shafti hizo mbili, kipimo chenye uso kama wa saa, akazungusha shafti kwa mkono, na sote tukaona mshale ukisogea. Tofauti haikufika milimita moja. Aliingiza vipande vyembamba vya bati chini ya miguu ya mota, akakaza boli, akapima upya, akafunga sanduku lake na kuondoka. Malipo yake yalizidi mishahara yangu ya miezi mingi, na pampu haikutusumbua tena kwa muda mrefu.

Kilichoniumiza zaidi ya malipo yale ni kwamba kanuni iliyoeleza tatizo zima niliijua. Chuoni tulifundishwa kwamba maisha ya beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo inaoubeba, kiasi kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, maisha yake hubaki sehemu moja tu ya nane. Niliwahi kujibu swali la mtihani juu ya kanuni hiyo na nikapata alama zote. Lakini nilipoletewa beringi iliyokufa mapema mara tano mfululizo, sikujiuliza mzigo wa ziada unatoka wapi. Niliuliza beringi nyingine itafika lini. Nchi ilikuwa inatoa fedha za kigeni mara mbili kwa kasoro ileile, kwanza kununua beringi, na pili kununua maelezo ya kwa nini zinakufa, na maelezo hayo yalikuwa tayari katika daftari langu la chuo.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kazi ya mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, ya mwaka 1957, ambayo ni miongoni mwa kazi zilizomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Alichunguza uchumi wa Marekani kati ya mwaka 1909 na 1949, kipindi ambacho uzalishaji kwa kila saa ya kazi uliongezeka takriban maradufu, akajaribu kutenganisha kiasi kilichotokana na kuongeza mitambo na majengo na kiasi kilichotokana na mengineyo. Aligundua kwamba kuongezeka kwa mtaji kulieleza takriban asilimia 12.5 tu ya ongezeko hilo, asilimia 87.5 iliyobaki aliiweka katika fungu aliloliita mabadiliko ya kiufundi. Wanauchumi wamelijadili sana fungu hilo, kwa sababu ndani yake huingia kila kisichoelezwa na wingi wa mtaji, ikiwemo elimu ya wafanyakazi na namna kazi inavyopangwa. Hata hivyo, mimi nilikuwa nimekwisha kuliona kwa macho. Kabla na baada ya ziara ya yule mtaalamu tulikuwa na pampu ileile, mota ileile na watu walewale, na thamani iliyotoka kwenye mtaji huo ilitofautiana sana kwa sababu ya vipande vya bati na mtu aliyejua unene wake.

Tangu hapo nilianza kutafuta kiwandani kila mahali ambapo ujuzi tulionao haukuwa unafanya kazi, na sehemu niliyovuna zaidi ilikuwa umeme. Pampu zetu ziliendeshwa kwa kasi kamili saa zote, na maji yalipozidi mahitaji, mwendeshaji alifunga vali nusu. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho huku akipunguza mwendo kwa breki. Kanuni za pampu za aina hiyo zinasema kwamba nguvu inayohitajika hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi ya mzunguko; ukipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi takriban asilimia 51. Kanuni hiyo hushika vizuri pale ambapo upinzani mkubwa ni msuguano ndani ya mabomba, na hushika kwa kiasi kidogo pale pampu inapolazimika kupandisha maji mahali pa juu, hivyo tulipima kwanza kabla ya kumwahidi mtu yeyote chochote. Tulifunga vidhibiti kasi kwenye pampu tatu ambazo vipimo viliziruhusu. Ya nne tuliiacha, kwa sababu ilikuwa inapandisha maji kwenye tangi la juu na hesabu yake haikulipa.

Nilipopeleka matokeo kwa uongozi, mazungumzo yalihusu bili ya kiwanda, na ilikuwa haki yao. Mimi nilibaki nikifikiria jambo pana zaidi. Umeme ambao mtambo mmoja unaacha kuupoteza unapatikana kwa mtumiaji mwingine bila kujengwa bwawa jipya wala kuchomwa mafuta zaidi. Mhandisi mmoja anayeelewa kipeo cha tatu, akizidishwa kwa maelfu ya mota zinazozunguka katika nchi, ni kituo cha kuzalisha umeme ambacho hakionekani popote katika orodha ya miradi ya taifa na ambacho hakuna anayekikatia utepe wa uzinduzi. Ninadhani hii ndiyo sababu ujuzi wa aina hii husahauliwa wakati wa kugawa fedha, kwa kuwa faida yake ni kitu ambacho hakikutokea: mtambo haukusimama, umeme haukupotea, kipuri hakikuagizwa.

Sasa nirudi kwenye pampu ile, kwa sababu kuna sehemu ya habari yake ambayo kwa muda mrefu sikuipenda kuisimulia. Katika karakana yetu alikuwepo fundi mchundo mzee, aliyekuwa amefanya kazi pale tangu kabla sijaanza shule. Wiki ya kwanza baada ya mota kufungwa aliniambia, “Mhandisi, mota hii haijakaa. Sauti yake siipendi.” Nilimwuliza ana ushahidi gani, akasema hana, ila anasikia. Nilimshukuru na sikufanya lolote. Baada ya mtaalamu kuondoka nilimfuata mzee yule nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilikuwa nimempuuza mbele yao. Hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja tu: “Nifundishe kusoma hiyo saa yake.”

Ombi hilo lilinielekeza kwa miaka mingi iliyofuata. Nilitambua kwamba sikio la mzee na kanuni yangu ya beringi vilikuwa nusu mbili za maarifa yaleyale, na kwamba kiwanda kililipa gharama kubwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kuziunganisha. Watu wengi wanapozungumzia uhaba wa wataalamu wa sayansi na uhandisi hufikiria vyuo vikuu peke yake, wakahesabu idadi ya wahitimu wa shahada na kuilinganisha na ya nchi nyingine. Lakini mhandisi asiye na mafundi sanifu wa kupima, na mafundi mchundo wa kukereza, kuchomelea na kufunga kwa usahihi, anabaki kuwa mtu wa kuandika barua. Nimefanya kazi mahali ambapo wahandisi walikuwa wengi kuliko mafundi sanifu, na mitambo ilikuwa mibovu.

Tulianza kukaa pamoja saa moja kila wiki, mzee na mafundi wengine wakiwa na vipuri vilivyokufa mezani, nami nikiwa na daftari. Wao walinifundisha kutambua kwa rangi ya chuma kwamba beringi ilikosa mafuta, nami nikawafundisha kupima mtetemo na kuandika namba. Kwa kila pampu tuliweka daftari lake lenye tarehe, vipimo, kilichoonekana, kilichofanywa na sababu. Safu ya sababu ndiyo iliyokuwa ngumu kuijaza. Miezi ya mwanzo mafundi waliandika “beringi imekufa”, nami nikawarudishia daftari, kwa maana kufa kwa beringi ni tokeo, na sababu yake bado ilikuwa inatafutwa.

Katika kipindi hicho ndipo niliposoma historia ya chuo cha uhandisi kilichofunguliwa Tokyo mwaka 1873, chini ya serikali ya Mfalme Meiji wa Japani. Mkuu wake alikuwa Henry Dyer, Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushee tu alipopewa kazi hiyo. Mafunzo yalichukua miaka sita: miwili ya sayansi ya jumla, miwili ya masomo ya kiufundi darasani, na miwili ya kazi halisi. Japani ya wakati huo iliajiri wataalamu wengi wa kigeni kwa mishahara mikubwa, wakajenga reli, minara ya taa na simu za maandishi. Iliwalipa bila kunung’unika, ila ilihakikisha kwamba kila mmoja wao ana Wajapani wanaojifunza kazi yake, na mikataba ilipokwisha, wahitimu wa chuo kile walishika nafasi nyingi. Dyer mwenyewe aliondoka mwaka 1882. Karibu karne moja baadaye Korea Kusini ilifanya jambo la namna hiyohiyo. Kabla kiwanda cha chuma cha Pohang hakijaanza kuyeyusha chuma mwaka 1973, mamia ya wahandisi na mafundi wao walikuwa wametumwa nje, wengi wao Japani, kujifunza tanuri zile ambazo wangekuja kuziendesha.

Historia hiyo ilinipa wazo ambalo nililipeleka kwa uongozi likakubaliwa baada ya majadiliano marefu. Tangu wakati huo, kila mkataba wa mtaalamu wa nje katika kiwanda chetu ulikuwa na sharti kwamba ataambatana na watu wetu wawili, mhandisi mmoja na fundi mmoja, na kwamba ripoti ya mwisho wataiandika hao wawili kwa maneno yao, yeye aisahihishe. Wataalamu wawili walikataa masharti hayo tukawaacha. Waliokubali walitulipisha zaidi kidogo, na kwa kazi nyingi hatukulazimika kuwaita mara ya pili.

Somo lililofuata lilikuja kupitia kifaa kidogo kuliko pampu. Shehena yetu iliyosafirishwa kwenda kwa mnunuzi wa nje ilirudishwa kwa sababu vipimo vyake havikulingana na vya mnunuzi. Tulipochunguza tuligundua kwamba vipimajoto vya mtambo wa kukaushia vilikuwa vimepotoka kwa nyuzi mbili, na havikuwa vimefanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo kinachoaminika, kwa miaka. Hakuna aliyedanganya. Kila siku mwendeshaji aliandika namba aliyoiona, na kila siku namba hiyo haikuwa ya kweli.

Kabla ya hapo nilidharau ugezi, nikauona kuwa kazi ya vibandiko na vyeti. Shehena ile ilinifunza kwamba biashara yote ya bidhaa za viwandani imesimama juu ya makubaliano kwamba milimita, kilo na nyuzi za joto za nchi moja ni zilezile za nchi nyingine. Makubaliano hayo yana tarehe: Mkataba wa Mita ulitiwa saini Paris tarehe 20 Mei 1875 na mataifa 17, na hadi leo kazi ya kuvilinganisha vipimo vya nchi mbalimbali inaendelea kupitia ofisi ya kimataifa iliyoanzishwa na mkataba huo. Nchi isiyo na maabara yake ya vipimo yenye wanafizikia na mafundi wa kuisimamia hulazimika kupeleka vifaa vyake nje ili viaminiwe, na viwanda vyake vidogo, ambavyo haviwezi kumudu safari hiyo, huuza bidhaa ambazo hakuna anayeweza kuzithibitisha. Sijaona mwanasiasa akiahidi maabara ya ugezi katika kampeni, lakini kama ningepewa nafasi ya kuchagua jambo moja la kuanza nalo, ningeanza na hilo.

Nilipohamia kwenye kufundisha, mwenzangu tuliyegawana naye chumba alikuwa mtaalamu wa udongo, na ni yeye aliyenionyesha kwamba fikra zangu zilikuwa bado zimejifungia kiwandani. Alinisimulia kuhusu uwanda mpana wa Brazil uitwao Cerrado, ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa haufai kwa kilimo kikubwa, kwa kuwa udongo wake una asidi nyingi na alumini inayodhuru mizizi. Mwaka 1973 Brazil ilianzisha shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa. Watafiti walishughulikia asidi kwa kuweka chokaa, na wakazalisha aina za soya zinazostahimili urefu wa mchana wa nchi za joto, kwani soya ya asili ilizoea latitudo za mbali na ikweta. Mwanasayansi Johanna Döbereiner naye alifanya kazi kubwa juu ya bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na kwa soya hiyo ilimaanisha kwamba mkulima aliweza kuvuna bila kununua mbolea nyingi ya naitrojeni. Leo Brazil ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa soya duniani. Ufanisi huo umekuja na gharama ya kupotea kwa uoto wa asili, na mwenzangu hakuificha gharama hiyo aliponisimulia.

Kilichonigusa katika habari hiyo ni muda wake. Kazi ya kuchunguza bakteria wa kwenye mizizi haikuwa na mteja. Hapakuwa na kampuni ambayo ingeona faida yake katika mwaka mmoja wa hesabu, wala ambayo ingeweza kuwazuia wengine kuitumia baada ya kugunduliwa. Kwa pampu yangu niliweza kumwonyesha meneja faida ndani ya miezi sita. Mwanasayansi wa udongo hana miezi sita ya kuonyesha, ana miaka ishirini, na kwa hiyo kazi yake inahitaji fedha za umma zinazotoka bila kukatika. Utafiti uliosimamishwa kwa miaka mitatu hauendelei ulipoishia, kwa sababu watu wameondoka na mbegu zilizokuwa zinajaribiwa zimekufa.

Kuondoka kwa watu nimekushuhudia kwa karibu kuliko ningependa. Katika mahali pamoja nilipofanya kazi, fedha za mafunzo ndizo zilizokatwa kwanza kila mapato yalipopungua, na wahandisi bora walipandishwa vyeo hadi kwenye ofisi ambazo hawakugusa tena mtambo, kwa kuwa hapakuwa na ngazi ya mshahara kwa mtu aliyetaka kubaki mhandisi. Wengine walikwenda kufanya kazi nchi za mbali, na siwalaumu. Nilichokichukia ni kwamba hakuna aliyewauliza walichojua kabla hawajaondoka. Mmoja wao alikuwa mtu pekee aliyeelewa kemia ya maji ya boila letu. Baada yake magamba yalijijenga ndani ya mabomba kimyakimya, boila likaanza kula mafuta zaidi kwa mvuke uleule, na tulipofahamu sababu, mabomba yalikuwa ya kubadilishwa.

Kwa wanafunzi wangu wa sasa nimeufuta mtihani mmoja wa maandishi na badala yake kila mmoja hupewa kipuri kilichoharibika kutoka kiwanda halisi. Haruhusiwi kuandika kitakachonunuliwa badala yake. Anatakiwa aandike kwa nini kilikufa, aonyeshe alama inayomshawishi, ataje kanuni ya fizikia au kemia inayohusika, na akadirie hasara kwa kila mwezi ambao sababu hiyo ingeachwa bila kutibiwa. Makadirio haya ya mwisho huwashangaza kuliko yote, na wapo wanaorudi kuniuliza iwapo wamekosea hesabu kwa jinsi yanavyokuwa makubwa. Kwa kawaida hawajakosea.

Mwaka niliohama kile kiwanda cha kwanza nilipita kwenye karakana kuaga, na mzee alikuwa amekwisha kustaafu. Kijana aliyemrithi, aliyefundishwa naye kusoma ile saa na baadaye kifaa cha mtetemo, alinionyesha daftari la pampu iliyotusumbua. Lilikuwa daftari la tatu, lenye mafuta kwenye kurasa zake. Katika ukurasa wa mwisho mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa tarehe, namba nne za mtetemo, na katika safu ya sababu maneno haya: “Boli ya mguu wa nyuma wa mota imelegea. Imekazwa na kupimwa tena. Beringi haijabadilishwa.”